Mwanangu Aliitikia Jina la Marehemu

Jumamosi, Julai 26, alasiri.

Baridi ya huku Ipole haina adabu. Upepo unavuma tangu alfajiri, unazoa vumbi na majani makavu porini na kuyamwaga uani. Mtu unafagia mpaka mgongo unauma na bado nyumba inaonekana kama imehamwa. Nimepanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya baba mkwe, maana hapa ndipo simu inaposhika mtandao. Nimejitanda khanga mbili mabegani na bado natetemeka, wala si kwa baridi peke yake.

Naogopa.

Mwanangu Mihayo ana miaka saba, na tangu jana hataki kuitwa jina lake. Ukimwita anajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kukukodolea macho mpaka uondoke. Ameamini kwamba akiitika tena, hata mara moja, wafu watakuja kumchukua. Na mimi mama yake, fundi cherehani wa Tabora mjini, ninayewacheka wateja wanaoniomba niwashonee hirizi kwenye pindo la gauni, nashindwa kumwambia kwamba hakuna kitu kama hicho. Nikifungua mdomo sauti inatetemeka, na huyu mtoto si mjinga.

Basi nimekuja kuwaandikia hapa mtandaoni. Nisipoandika nitapasuka.

Lazima nianzie kwenye jina lenyewe. Mihayo alipozaliwa alilia, tena si kulia kwa watoto wote. Alilia mpaka majirani wakawa wanakuja kuuliza kulikoni, ziwa anakataa, hospitali wakampima wakasema hana kitu. Baba mkwe akapanda basi kutoka huku, akafika, akanawa mikono, akampakata na kuanza kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, polepole. Ndivyo wanavyofanya kwao: mtoto akilia hivyo, analilia jina, na atatajiwa mpaka alikubali lake. Mimi nilikuwa nimejilaza, nimechoka hata nguvu ya kubisha sina. Mzee alipotaja "Mihayo" mtoto akanyamaza, akatafuta ziwa.

Mimi nasema alikuwa amechoka kulia. Baba mkwe anasema kaka yake amerudi.

Huyo kaka ndiye Mihayo Lubango wa kwanza. Wakati wa vita vya Kagera waliondoka hapa wote wawili, yeye na mdogo wake, wakiwa mgambo. Akarudi mdogo peke yake, ambaye ndiye baba mkwe wangu, Babu wa mtoto.

Tangu siku ile ya jina, nyumba yetu imekuwa na vituko. Mzee mwenye mvi kichwa kizima akikutana na mwanangu anainama na kusema, "Shikamoo, kaka." Na mwanangu, pengo mbele, kaptura inamvuka, anajibu, "Marahaba, mdogo wangu, hujambo?" Tukichinja kuku, firigisi ni ya Mihayo, kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba. Mume wangu, baba mzazi wa mtoto, anabaki kumeza mate. Tumecheka sana kwa mambo hayo.

Ila mtoto tulimwambia nini? Tulimwambia kaka yake Babu alisafiri mbali, halafu akarudi akiwa yeye. Kilikuwa kisa kitamu cha kumlaza. Hakuna aliyetumia neno "alikufa". Hata Babu mwenyewe sikuwahi kulisikia likimtoka. Yeye husema tu, "alibaki kule".

Jana ilikuwa Siku ya Mashujaa. Huko mjini kuna gwaride na viongozi na mkuki na ngao. Huku, wazee waliorudi vitani wana ibada yao ndogo kwenye uwanja wa shule ya msingi, mbele ya mnara wa matofali walioujenga kwa mikono yao. Katekista anaomba, shehe anaomba, halafu wanaitwa waliobaki kule. Kila jina linaitwa mara tatu. Watu wanakaa kimya kabisa, hata mwenye kikohozi anakimeza, kisha ndugu wa marehemu anatoka na kata ya maji na kuyamimina chini ya mnara. Nimeambiwa ni kwa sababu wengi walikufa na kiu.

Babu humimina ya kaka yake kila mwaka. Mwaka huu akampigia simu mume wangu na kumbembeleza kama mtoto. "Nileteeni kaka yangu mwaka huu. Miguu yangu mwakani siijui." Nani angekataa? Mume wangu ni dereva wa lori na yuko Nzega anasubiri mzigo wa pamba, kwa hiyo nikaja mimi na mtoto. Nikamshonea kaunda suti ya kaki, mifuko minne, vifungo vinang'aa. Nilijivunia kazi yangu, sitasema uongo. Tulipotoka nyumbani kila mtu anatusimamisha amtazame.

Sasa sikilizeni jambo lilivyokwenda.

Miaka yote anayeita majina husimama pale pale mbele ya mnara, mzee mmoja mwenye sauti nyembamba. Jana upepo ulikuwa mkali, hakuna aliyesikia hata sala. Wakaazima spika ya kanisani, wakaifunga juu ya paa la darasa, na yule mzee akaingia ndani na kipaza sauti ili upepo usimharibie. Kwa hiyo humwoni anayeita. Sauti inatoka juu, kubwa, inakwaruza, inajaza uwanja mzima.

Na huku kila mtoto amefundishwa kwamba ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Wifi yangu Kalunde, dada yake mume wangu anayeishi na Babu na kumtunza, amemwambia Mihayo hivyo tangu anaanza kutembea. Lakini shuleni nako wamemfundisha kwamba jina lako likiitwa unasimama wima na kusema "Nipo!" Nadhani mambo hayo mawili yaligombana kichwani mwake pale pale uwanjani.

Majina yakaitwa. Maji yakamiminwa. Mimi nilikuwa nimemshika Mihayo mkono, Babu yuko hatua chache mbele yetu na kata yake, amenyooka kijeshi. Likabaki jina la mwisho.

"Mihayo Lubango!"

Mkono wa mwanangu ukashtuka ndani ya wangu. Nikambana vidole, nikimaanisha atulie. Yeye nadhani alielewa namwambia, unaitwa wewe, mbona umenyamaza.

"Mihayo Lubango!"

Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Alikuwa ameshageuka kutazama juu ya paa.

"Mihayo Lubango!"

"Nipo!"

Jamani. Alisema kwa sauti ile ya darasani, ya mtoto aliyefundishwa na kuelewa, miguu imebanwa pamoja, mikono ubavuni. "Nipo!" Na ule uwanja ulivyokuwa kimya, hakuna ambaye hakusikia.

Mzee mmoja wa vita alipiga saluti, sijui hata kama alijua anafanya nini. Babu alidondosha kata, maji yakamlowesha suruali, akakaa chini vumbini pale pale. Nyuma yangu mama mmoja akapiga yowe. "Mtoeni huyo mtoto! Ameitikia wafu! Mtoeni!"

Mwanzoni Mihayo alikuwa anatabasamu, ananisubiri nimpongeze. Halafu akasikia lile yowe, akamtazama Babu yake alivyokaa chini, akayatazama maji chini ya mnara. Nikamwona anaelewa. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalikuwa tayari yameondoka.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ndogo, "kwani mimi nimekufa?"

Sikupata hata nafasi ya kumjibu. Mgambo waliokuwa nyuma ya darasa hawakuona yaliyotokea. Walichojua ni kwamba baada ya jina la mwisho wanapiga risasi hewani. Wakapiga. Mwanangu akauchomoa mkono wake kwenye wangu na kukimbia.

Nilimkimbilia na viatu vyangu vya ibada, nikaanguka, nikavivua, nikakimbia tena. Alipita kati ya watu, akapita vyoo vya shule, akaingia kwenye majani marefu yaliyo kati ya uwanja na pori, na pale nikampoteza. Kaki ile niliyomshonea kwa madaha ndiyo ile ile rangi ya majani makavu. Nikisimama naona majani tu, yote yanacheza kwa upepo.

Pori la huku si la mchezo. Ni miombo kutoka hapa mpaka uchoke, wafuga nyuki wenyewe huingia kwa makundi. Fisi wapo, na nyoka wapo hata wakati wa baridi. Nilimwita mpaka koo likakauka. Uwanja mzima ukaacha ibada ukaja kutafuta, wanaume kwa wanawake, na watoto wa shule, na wale mgambo na bunduki zao, kila mtu anaita. "Mihayo! Mihayo weee! Mihayo!"

Jua likaanza kushuka na hakuna anayeitika. Wifi Kalunde alikuwa karibu yangu, analia huku anaita, na kila akiita anajipiga kifua. Nilimchukia kwa machozi yale, maana yalinionyesha anamlilia kama mtu aliyekwisha kwenda. Mimi nikaanza kuahidi mambo. Mungu wangu, nikimpata sitamfokea tena. Nikimpata nitafunga. Nikimpata nitafanya chochote.

Halafu kichwa changu, sijui kwa rehema ya nani, kikafunguka.

Hawezi kuitika! Kuitika ndiko kulikomponza. Mtoto ameitwa na sauti isiyo na mtu, akaitika, watu wakapiga yowe, bunduki zikalia. Sasa sisi tumejaa porini, hatuonekani kwenye majani, tunamwita jina lile lile. Angeitika vipi? Kila tulipoita tulikuwa tunamzidishia woga, anajibana zaidi.

Nikapiga kelele kuliko wote. "Nyamazeni! Nawaombeni nyamazeni! Asimwite mtu!"

Walidhani nimechanganyikiwa. Wifi alinishika mabega. Nikamwambia, "Wifi, ukimwita mwanangu tena nitakuuma." Akaona macho yangu akaamini. Taratibu sauti zikazimika, moja moja, za mbali mwisho. Ukabaki upepo tu.

Nikasimama nimefumba macho. Sijawahi kusikiliza hivyo.

Nikasikia chafya.

Ilitoka kwenye bani la jirani, lile banda refu la kukaushia tumbaku, ambalo msimu huu liko tupu. Kila mtu alikuwa amelipita maana mlango umefungwa kwa kamba. Lakini chini ya ukuta kuna tundu la moto, na mtoto mwembamba anapenya. Humo ndani vumbi la tumbaku halijawahi kumhurumia mtu pua.

Nilikata ile kamba kwa meno. Ndani giza, harufu kali. Alikuwa amejikunyata pembeni, masizi mpaka kwenye nyusi, mdomo kauziba kwa viganja. Sikumwita. Nikakaa chini karibu yake bila kumgusa, maana hata kumgusa niliogopa. Akaondoa kiganja kimoja kidogo.

"Usiniite," akaninong'oneza.

"Sikuiti, mwanangu. Nimekaa tu."

Babu akaja, akainama kuingia, akakaa mlangoni. Akaanza kulia kwa sauti. Sikuwahi kumwona mzee yule akilia, na mtoto pia hakuwahi. Mihayo akaniparamia shingoni akitetemeka mwili mzima, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani, mbeleko ni khanga yangu, kama mtoto mchanga.

Hiyo ndiyo jana.

Leo hajala. Amekunywa uji nusu kikombe kwa kulazimishwa. Jana alipolala niliweka kidole chini ya pua yake nihakikishe anapumua, nikasema mara moja tu, nikaweka tena, na tena, mpaka jogoo wakawika. Mimi huyo. Mwanamke wa mjini. Nisiyeamini.

Naamini au siamini? Sijui tena. Najua tu kwamba kila anapofumba macho moyo wangu unasimama.

Wifi Kalunde anasema lazima jina liondolewe. Ametuma watu kwa wazee wa ukoo, watakuja kesho, mtoto atapewa jina jingine na lile litarudishwa lilikotoka. "Wifi, mimi simchukii mtoto," ananiambia, "lakini ameshajionyesha kwa wale. Jina hilo wanalijua sasa, na sauti yake wanaijua." Anaongea kwa upole kabisa huku anachambua maharage, na ule upole ndio unaoniogopesha. Nilimpigia mume wangu nikiwa hapa hapa kwenye kichuguu. Mwanaume mwenye sauti ya kushtua tandiboi wake kule nyuma ya lori alikuwa ananong'ona. "Mbadilishieni. Mbadilishieni hata leo, Mama Mihayo." Halafu akagundua ameniitaje, akakata simu.

Babu hajasema neno tangu jana. Amekaa kwenye kigoda chake ukutani upande wa jua, chakula chake kinapoa. Mchana wifi alimweleza habari ya wazee kuja. Akaitikia kwa kichwa, basi. Nikamwona anatazama mikono yake. Jina likiondoka, kaka yake anaondoka nalo mara ya pili, na safari hii yeye ndiye amekubali.

Namwogopea mtoto, namwogopea mzee, na chaji ya simu inakwisha. Nashuka.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni.

Nimepanda tena. Nimeazima simu ya wifi, kwa hiyo mnivumilie nikikosea herufi. Nataka niandike kabla sijasahau maneno yalivyosemwa.

Nilikuta Mihayo ametoka ndani. Alikuwa amekaa chini karibu na kigoda cha Babu, si karibu sana, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Nikakaa mlangoni pa jikoni, nikajifanya napepeta mchele. Wifi alikuwa kisimani.

Mihayo ndiye aliyeanza. Alikuwa anatazama chini.

"Babu, yule mwingine alikuwa anaogopa?"

Ungo ukanikwama mikononi.

"Aliogopa sana," Babu akasema. "Watu wanakuja hapa wananisimulia kaka yangu alivyokuwa shujaa. Sawa, shujaa. Lakini giza likiingia alikuwa ananishika shati, hapa, kwa nyuma. Yeye mkubwa, anamshika mdogo shati! Akasema nikimwambia mama atanichapa."

Mihayo akacheka kidogo kwa pua, akajizuia.

"Halafu?"

"Halafu siku moja mabomu yakatuangukia. Moshi, vumbi, huoni hata mkono wako. Nikahisi shati langu halijashikwa. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikamwita mara ya tatu."

"Akasemaje?"

"Hakuitika."

"Kwa nini?"

Babu akajishika shati kwa nyuma. "Kwa sababu alikuwa amekufa," akasema. Maneno hayo miaka yote niliyoolewa katika nyumba hii sikuyasikia kwake, na nadhani hata kuta hazikuwahi kuyasikia. Akayarudia, kama anajaribu kuona yanakaaje mdomoni. "Alikufa, mjukuu wangu. Kaka yangu alikufa kule kule."

Mjukuu wangu. Hakumwita kaka.

Mihayo alikuwa ameanza kutetemeka chini ya blanketi. Nikataka kwenda kumchukua, nikajizuia.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi niliitika."

"Wewe uliitika kwa sababu u mzima." Babu alimgeukia sasa, ameinama mpaka nyuso zao zikawa karibu. "Nisikilize vizuri. Waliokufa hawaitiki. Kaka yangu huitwa kila mwaka pale mnarani, na mimi shambani nimemwita, na kitandani nimemwita, mpaka nimezeeka. Wangekuwa wanaitika, angeniitika mimi. Hawaitiki, baba. Anayeitika ni mtu aliye hai, anayepumua, kama wewe. Jana nilikaa chini kwa sababu sikuwa nimezoea kujibiwa. Sikukaa kwa sababu umekufa."

Kuku walipita katikati yao wakidonoa.

"Mnataka kuniondolea jina," Mihayo akasema.

"Shangazi yako anaogopa. Mama yako anaogopa. Ukitaka, tuliondoe. Mimi sitakasirika."

Mihayo akafikiri. Huyu mtoto akifikiri hukunja mdomo upande mmoja, baba yake mtupu. Kisha akasema jambo lililonitoa jasho kwenye baridi ile.

"Basi niite. Tuone."

Yaani mtoto alitaka kupima. Nikaona mzee mzima anaogopa kuliko mtoto. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu mwanangu azaliwe, Babu humwita kaka tu. Lile jina lenyewe alilitaja mara moja, siku ile alipompakata mjini. Tangu siku hiyo sikumsikia akimwita nalo mtu aliye mbele yake.

Akafungua mdomo, midomo inacheza.

"Mihayo."

Mwanangu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Macho yakatoka. Akatazama juu ya paa la nyumba, akatazama nyuma yake, akatazama mlangoni nilipo. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa cha kichwa ili nisipige kelele. Nilitaka kumwambia mzee aache, atamuua mwanangu kwa hofu, atakufa yeye mwenyewe pale kwenye kigoda.

"Mihayo," Babu akaita tena. Sauti ilimkatika katikati.

Mtoto akawa anamtazama mdomo. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu, mdomo ule wenye meno machache, kama anayetaka kuhakikisha sauti imetokea pale na si kwingine. Babu naye amemkazia macho, mikono imeshika magoti, anavuta pumzi ya kuita mara ya tatu.

Hakufika ya tatu.

"Naam, babu," Mihayo akasema kupitia vidole vyake.

Hakuna kilichotokea. Upepo ulivuma vile vile. Mbuzi wa jirani alilia. Mihayo akashusha mikono polepole, akajipapasa kifua, akangoja, akaona bado yupo.

Na Babu alikaa mdomo wazi. Namfahamu mzee huyu, si mtu wa kukosa la kusema. Lakini alikuwa ameita maisha yake yote bila kujibiwa, na sasa amejibiwa, na hakuwa na neno aliloliandaa. Alihangaika nalo. Machozi yanamtiririka, anafungua mdomo, anaufunga. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umekula?"

Nikaingia jikoni haraka, nikalia juu ya mafiga, nikawasha moto.

Wamekula sahani moja, ugali na mlenda, wote wawili. Wifi amerudi kisimani akawakuta hivyo, akasimama na ndoo kichwani, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia wazee wakija kesho tutawapikia, watakula, na jina halitoki. Ameguna, lakini ndoo ameitua bila kubishana.

Sidanganyi, bado naogopa. Naogopa kidogo kuliko mchana. Jumatatu, tukisharudi mjini, mwalimu wake ataita majina darasani, na mimi nitakuwa nje chini ya dirisha, nimeinama najifanya nafunga kiatu, mpaka nimsikie.